Mlevi wa Wodini Asihamishiwe Zahanati ya Mbali

Tabibu anakunywa. Wauguzi wanajua, mganga mfawidhi anajua, mama ntilie wa getini anajua, na huenda Mganga Mkuu wa Wilaya naye ameshanong'onezwa. Kinachofuata hakihitaji mpiga ramli. Ataitwa ofisini akemewe, ataandikiwa barua ya kujieleza, kisha siku moja atapewa uhamisho. Atatolewa hospitali yenye wenzake wa kumwangalia, apelekwe zahanati ya mwisho wa barabara huko ndani Sikonge au Kaliua, ambako yeye ndiye mtibabu, yeye ndiye mtunza dawa, na usiku yeye ndiye anayegongewa mlango mama mjamzito akishikwa na uchungu. Wakubwa wanashusha pumzi. Wamemaliza kazi.

Hawajamaliza kitu. Wamemchukua mtu asiyefaa kuachwa peke yake na wagonjwa, wakamwacha peke yake na wagonjwa.

Gazeti hili linasema uhamisho wa namna hiyo ukome. Na kwa kuwa kukemea hakutibu mtu, tunasema pia kiwekwe nini mahali pake: mhudumu wa afya mwenye uraibu aondolewe haraka mbele ya wagonjwa, atibiwe, na akipata nafuu arudi kazini kwa masharti makali yanayofuatiliwa kwa miaka.

Tuanze na kilevi chenyewe. Uraibu ukitajwa, wengi huwaza heroini na mateja wa vijiwe vya Dar es Salaam. Huku kwetu kilevi cha kwanza ni pombe. Tabora ni nchi ya asali, na penye asali pana wanzuki. Gongo nayo haiko mbali, na mwenye mshahara ana bia na Konyagi. Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, likawa jambo jema, lakini kilichoondoka sokoni ni vile vifuko, kiu ilibaki. Daktari na muuguzi hunywa kama jirani zao wanavyokunywa. Jirani akiamka mikono ikitetemeka ataharibu miche ya tumbaku. Muuguzi akiamka hivyo, kazi inayomsubiri ni kupima dozi ya mtoto mchanga.

Kilevi cha pili kimo ndani ya hospitali. Pethidini na mofini ziko kwenye kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kwa ufunguo na daftari. Diazepamu na ketamini haziko mbali nazo. Mwanzo wake ni wa kawaida mno. Mgongo unauma baada ya zamu mbili mfululizo. Kuna kichupa cha pethidini kimebaki nusu baada ya upasuaji. Kilipaswa kumwagwa mbele ya shahidi, lakini shahidi ameshasaini na kwenda zake. Siku ya kwanza ni dawa ya maumivu kweli. Baada ya miezi kadhaa ni dawa ya arosto. Hapo daftari linaanza kusema uongo: mgonjwa wa kitanda fulani ameandikiwa kuwa amechomwa sindano mbili, na usiku kucha analia. Ulevi umekuwa wizi, tena wa nafuu ya mtu aliyepasuliwa tumbo. Mhudumu wa afya ana hatari moja zaidi ambayo mlevi wa kilabuni hana. Anajua dozi, na kwa kuwa anaijua, anaamini anaitawala.

Hatusemi wahudumu wetu ni walevi. Walio wengi wanafanya kazi ya watu watatu na kurudi nyumbani wakiwa na akili zao timamu. Ila mazingira tuliyowawekea ni kama yametengenezwa makusudi ili wachache waanguke. Mkoa wa Tabora una takriban kilomita za mraba 76,000, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 3.3. Kuna Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kuna Nkinga upande wa Igunga na Ndala upande wa Nzega, zote za madhehebu ya dini. Kuna hospitali za wilaya. Katikati ni miombo, vumbi na zahanati. Kijana anatoka chuoni na miaka yake ishirini na kitu, anapangiwa kituo ambako hajui mtu. Mwezi wa kwanza mama anamfia mkononi kwa kutoka damu, gari la wagonjwa likiwa bado njiani. Kesho yake asubuhi foleni ni ileile. Hakuna anayemuuliza amelalaje. Jioni, mahali penye taa na watu wa kuzungumza nao ni pamoja tu, nako ni kilabuni.

Mganga asiye na wa kumtibu si jambo jipya katika nchi hii. Agosti 1873 msafara wa Verney Lovett Cameron, uliotumwa kutoka Uingereza kumpelekea Livingstone msaada, ulifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ukakaa kwenye tembe walilokuwa wamekaa Livingstone na Stanley. Daktari wa msafara huo alikuwa W. E. Dillon. Homa iliwalaza wote, naye ikamlaza vibaya. Oktoba wakaingia watumishi wa Livingstone, Susi na Chuma na wenzao, wamebeba mwili wake. Dillon, asiyejiweza tena, aligeuka na msafara wao kurudi pwani. Novemba, wakiwa Kasekera, homa ikiwa imemvuruga akili, alijitoa uhai. Ugonjwa wake haukuwa uraibu, na nyakati zile hakuna aliyekuwa na la kufanya zaidi. Sisi tuna hospitali, sheria, mabaraza ya taaluma na simu mfukoni, na bado yupo tabibu porini ambaye akiugua ugonjwa huu hana pa kwenda kusema.

Kwa nini hasemi? Kwa sababu tumempa njia mbili, na zote zinamtisha. Baraza la Madaktari Tanganyika linafanya kazi chini ya sheria ya 2017. Wauguzi na wakunga wana baraza lao chini ya sheria ya 2010. Wafamasia wana lao chini ya sheria ya 2011. Mabaraza haya yanaweza kuonya, kusimamisha na kufuta jina kwenye daftari. Mamlaka hayo yanahitajika, hatuna ugomvi nayo. Lakini muuguzi anayejua kwamba kumtaja mwenzake ni kumfutia leseni na kuwakosesha watoto wake ada hatamtaja. Atamfunika. Atamshikia zamu, atamsainia daftari, atamwambia daktari wa zamu kwamba fulani ana malaria. Na aliyechukua pethidini ana kisu cha pili shingoni, yaani Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Kwake yeye, kwenda kwa bosi kuomba msaada ni kwenda kujishitaki. Uhamisho wa kwenda porini umezaliwa hapo. Bosi hataki kumwangamiza mtu, hataki pia kuendelea kumwona.

Kumfunika mwenzako kuna sifa ya huruma, na wapo watakaotuletea mfano wa William Halsted. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa Johns Hopkins, mtu aliyeingiza glovu za mpira katika chumba cha upasuaji. Mwaka 1884 alianza kujaribia kokeini mwilini mwake kama dawa ya ganzi, ikamnasa. Baadaye akanaswa na mofini. Wenzake wakubwa walijua, wakamtunza, wakamwacha aendelee kupasua na kufundisha. Mmoja wao, William Osler, aliandika siri hiyo, na maandishi yake hayakufunguliwa hadi 1969, zaidi ya miaka arobaini baada ya Halsted kufa. Hadithi hiyo husimuliwa kama ushindi. Sisi tunaiona kama bahati. Alikuwa na marafiki wenye nguvu na kipaji cha kupindukia, na wagonjwa waliolala mezani kwake hawakuulizwa kama wanakubali. Nesi wa Urambo hana Osler wake, na hata angekuwa naye, urafiki hauwezi kusimama mahali pa usimamizi.

Nchi nyingine zimeachana zamani na njia hizi za kuadhibu tu au kufunika tu. Hapa hapa Afrika, baraza la taaluma za afya la Afrika Kusini lina kamati ya afya iliyotengwa na kamati za nidhamu. Mtaalamu mwenye uraibu hufikishwa huko kama mgonjwa anayehitaji tiba na masharti, na anaweza kujipeleka mwenyewe. Katalonia, Hispania, ina programu yake ya madaktari wagonjwa tangu 1998. London walianza yao mwaka 2008. Marekani ndiko zilikoanza, miaka ya 1970, jimbo moja baada ya jingine, na ndiko zilikopimwa vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la BMJ uliwafuatilia madaktari 904 wa programu 16 za majimbo kwa miaka mitano. Katika wale ambao hali yao ilijulikana mwishoni, karibu wanne katika kila watano walikuwa na leseni na walikuwa kazini. Ni nadra kuona tiba ya uraibu ikitoa matokeo kama hayo kwa watu wa kawaida.

Siri ya mafanikio hayo si dawa ya ajabu. Daktari yule alikuwa na kitu kikubwa cha kupoteza, na alijua atapimwa siku asiyoijua. Basi. Tuseme pia kwamba programu hizo zina wakosoaji, na hawakosei kila kitu: kuna madaktari waliolalamika kwamba walilazimishwa matibabu ya gharama kubwa bila kupewa nafasi ya kujitetea. Tukianzisha ya kwetu, haki ya rufaa iandikwe tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa, kurudi kazini kwa usalama maana yake nini kwa mtu wa Kitete au wa kituo cha afya cha Nzega? Maana yake ni kwamba anarudi mahali penye watu. Hapangiwi zahanati ya mtu mmoja, hapewi zamu ya usiku ya peke yake, na kwa kipindi cha mwanzo hashiki ufunguo wa DDA wala hasaini daftari lake. Yupo mtu mmoja mwenye jina, aliyemzidi cheo, anayemwona kila siku ya kazi na kuandika ripoti kwa baraza. Anahudhuria kliniki na vikao vya waraibu wenzake waliopata nafuu. Anapimwa kwa kushtukiza. Na masharti haya yapo kwenye karatasi aliyotia sahihi, ili akiyavunja pasiwe na mjadala wa kirafiki.

Kwenye vipimo tusifanye mzaha. Pombe hutoka mwilini ndani ya saa chache, kwa hiyo kumnusa mtu mdomo saa nne asubuhi si kipimo; vipo vipimo vya mkojo vinavyoonyesha mabaki yake hata baada ya siku mbili tatu, na hivyo ndivyo vinavyotakiwa. Kijiti cha kawaida cha kupimia afyuni hakioni pethidini. Hospitali inayonunua vijiti hivyo na kujisifu kwamba inawafuatilia watu wake wa chumba cha upasuaji inajidanganya. Sampuli za namna hiyo zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, zikiwa zimefungwa na kusainiwa kama ushahidi wowote mwingine. Tunaishi katika nchi ambayo askari wa usalama barabarani humpulizisha dereva wa basi kipimo cha ulevi kabla hajaondoka stendi, na tunaona sawa kabisa. Anayeingia na kisu chumba cha upasuaji hajawahi kupulizishwa chochote.

Wako pia ambao hawatarudi walikotoka. Mtaalamu wa usingizi aliyekuwa akijichoma dawa zilezile anazowachoma wagonjwa, kumrudisha kwenye trei lile ni kumjaribu kila saa ya kazi, na katika fani hiyo kuanguka tena mara ya kwanza kunaweza kuwa kifo. Wataalamu wengi hushauri abadilishe fani. Akafundishe, akafanye kazi ya kliniki ya kisukari, chanjo, takwimu. Hospitali zetu hazina uhaba wa kazi zisizo na ufunguo wa DDA.

Na tiba iwe tiba. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa hadi kufa. Kumfungia chumbani kwa kaka yake au kumkabidhi kwenye maombi peke yake ni hatari, na wanaofanya kazi hospitali walipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Kwa waraibu wa heroini, nchi hii ilianza kutoa methadoni Muhimbili Februari 2011, na kliniki zimeongezeka tangu hapo. Ujuzi tunao. Ila tumeuelekeza kwa kijana wa kijiweni, na hatukumfikiria aliyevaa koti jeupe.

Kuna anayesoma hapa akiwa amekunja uso. Anauliza: bibi wa Ulyankulu amekosa nini hata atibiwe na mlevi aliyepona nusu? Ni swali la haki, na bibi huyo ana haki kuliko sisi sote tunaojadili. Lakini tumwangalie anavyotibiwa leo. Leo anatibiwa na mlevi ambaye hajaanza hata kupona, ambaye hakuna anayempima, aliyepelekwa kwake kwa barua ya uhamisho ili asiwasumbue wa mjini. Anayerudi kwa masharti tunayoyasema ni mtu anayepimwa kuliko daktari yeyote mkoani. Na aliyemuumiza mgonjwa kwa uzembe wa ulevi, au aliyekuwa akiuza dawa za wodi mtaani, huyo hatumwombei msamaha. Mahakama na baraza vifanye kazi yake. Tunachoomba ni kwamba anayejitokeza mwenyewe kabla ya kudhuru mtu asipokewe na pingu. Hilo linahitaji mabaraza, Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kukaa meza moja na kukubaliana kwa maandishi.

Kuna jambo la hesabu pia. Daktari husoma miaka mitano na kuongeza mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Muuguzi wa stashahada husoma mitatu. Wengi wa wanaonaswa wameshafanya kazi miaka mingi, ndio wanaojua kuzalisha mtoto aliyetanguliza miguu. Mkoa wenye upungufu wa wahudumu kila kona hauwezi kuwatupa watu hao kwa ugonjwa unaotibika, halafu ukaandika barua TAMISEMI kuomba wapya.

Tatizo gumu kuliko yote litakuwa aibu, na tusilipite haraka. Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kutoka hapa kwa treni ni karibu kilomita 400 tu. Lakini jina lake limegeuzwa tusi. Mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Mirembe. Nesi atakayeonekana kwenye foleni yake atarudi na jina jipya, na akiwa mwanamke atalibeba mara mbili, kwa sababu mwanamume mlevi huitwa mlevi na mwanamke mlevi huitwa mengine tusiyoyachapisha. Akitibiwa hospitali anayofanyia kazi ni vibaya zaidi: faili lake litasomwa na aliyesoma naye chuo. Kwa hiyo wahudumu watibiwe mbali na kwao kwa makubaliano ya hospitali na hospitali. Wa Kitete aende Bugando, wa Bugando aende Mirembe, wa Maweni kule Kigoma apewe nafasi ya kuchagua. Kila hospitali iwe na daktari mmoja wa akili anayejulikana kwamba ndiye anayepokea wenzake, na namba yake ibandikwe kwenye chumba cha wauguzi.

Sehemu ya haya yote haisubiri sheria mpya. Mganga Mkuu wa Mkoa anaweza, wiki hii, kukataa kupitisha uhamisho wowote wa mtu mwenye tuhuma ya ulevi kwenda kituo cha mhudumu mmoja. Waganga wafawidhi wanaweza kuhakikisha mabaki ya dawa za DDA yanamwagwa watu wawili wakiangalia, kila mara, hata saa tisa usiku. Chama cha wafanyakazi cha TUGHE, pamoja na chama cha madaktari na chama cha wauguzi, vinaweza kuacha kusubiri mwanachama afukuzwe ndipo vimwandikie barua ya utetezi.

Na pesa? Mshahara ndio unaowafanya watu wanyamaze kuliko hata leseni, kwa hiyo wajue haki ambayo tayari wanayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu mshahara. Uraibu ni ugonjwa, na mtu anayetolewa sumu mwilini na kufuatiliwa kliniki kwa miezi miwili ni mgonjwa kama aliyevunjika mguu. Hospitali za dini, ambako mfuko ni mdogo na nyumba ya mtumishi iko ndani ya uzio, zikubali hili bila kumtoa mtu kwenye nyumba akiwa matibabuni. Mwajiri atahitaji cheti cha daktari, apewe. Msimamizi atakayempokea akirudi ataambiwa ukweli wote na masharti yote, maana bila hivyo hawezi kumsimamia. Karani wa mishahara anahitaji idadi ya siku, sahihi na mhuri.